Joto la tangi la samaki hapa Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mwaka ikifika Septemba simu yangu huanza kuita. Samaki wa fulani wanahema juu ya maji, wa mwingine wamegoma kula. Ikifika Julai huwa kinyume chake: samaki wamejikunyata nyuma ya jiwe na rangi imefifia. Mimi si daktari wa samaki. Nafuga samaki wa Ziwa Tanganyika nyumbani kwangu mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, kwenye tangi la lita 200 lenye urefu wa mita moja, na nimeshafanya karibu kila kosa linalowezekana. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa zaidi, na majibu yake yote yanarudi kwenye jambo moja: kabla hujanunua kifaa, tengeneza chumba. Watu hawapendi kuambiwa hivyo. Wanataka jina la kifaa.

Samaki wa ziwani wanataka nyuzi ngapi?

Ukitaka jibu, liangalie ziwa lenyewe. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa kati ya nyuzi 24 na 28 za Selsiasi karibu mwaka mzima. Ukishuka hadi chini kabisa, mita 1,470 hivi, utakuta nyuzi 23 na kitu. Samaki hawaishi huko chini, maana kuanzia mita mia moja na zaidi oksijeni inaisha, lakini nazitaja namba hizo ili uone jinsi tofauti ya juu na chini ilivyo ndogo. Samaki wako, babu yake na babu wa babu yake, hawajawahi kukutana na siku inayoanza na nyuzi 22 asubuhi na kufika 30 jioni. Ndoo iliyowekwa dirishani inaweza kuwafanyia hivyo kila siku.

Mimi nalenga 25 hadi 26. Likishuka hadi 24 au likapanda hadi 27 sishtuki, mradi limekwenda taratibu. Likigusa 29 naacha ninachofanya.

Tropheus, ambao huchuma mwani kwenye mawe ya ufukweni, huvumilia mabadiliko zaidi kidogo kuliko frontosa, yule mwenye nundu kichwani na mistari mipana, ambaye makazi yake ni kwenye kina. Kama una frontosa, kaa upande wa ubaridi: 24 hadi 26 inamtosha.

Hivi tatizo ni joto lenyewe au kubadilika kwake?

Yote mawili, ila wanaoua samaki wengi ni wale wanaokimbilia kurekebisha. Umekuta tangi lina nyuzi 30, unamwaga ndoo mbili za maji baridi, dakika kumi baadaye liko 25. Hapo umemtoa samaki kwenye shida moja ukamtia kwenye nyingine. Kama limepanda kwa saa nane, mpe saa kadhaa za kushuka. Kwa siku za kawaida mimi sitaki tofauti ya asubuhi na jioni izidi nyuzi mbili.

Kwa nini tangi dogo linasumbua zaidi?

Kwa sababu maji ndiyo akiba yako. Usiku mmoja wa Julai nilizima kila kitu makusudi, chumba kikiwa na nyuzi 20 na maji 26. Tangi la lita 200 lilipoteza kama theluthi ya nyuzi kwa saa mwanzoni. Lile dogo la mwanangu, lita 40, lilipoteza mara mbili ya hapo. Kioo chake ni kingi ukilinganisha na maji yaliyomo, kwa hiyo joto lina milango mingi ya kutokea. Mtu anayeanza hununua tangi dogo akidhani ni rahisi kulitunza. Kwa upande wa joto, dogo ndilo gumu.

Niliweke wapi ndani ya nyumba?

Swali hili ndilo lingepaswa kuwa la kwanza, na huwa la mwisho, wakati tangi limeshajazwa na watu wanne hawawezi kulisogeza.

Kigoma tuko magharibi mwa nchi, karibu na longitudo 30, lakini saa zetu ni za Afrika Mashariki nzima, zimepimwa kwa longitudo 45. Maana yake jua letu linachelewa kwa saa moja hivi. Linafika utosini karibu saa saba mchana, si saa sita, na linazama upande wa Kongo saa moja hivi jioni. Nyumba nyingi za hapa zimejengwa sebule ikitazama ziwa, kwa kuwa mandhari ni mazuri na upepo unatoka huko. Dirisha hilo hilo hupigwa na jua la kulalia kuanzia saa tisa hadi giza linapoingia. Mtu anaweka tangi pembeni yake ili wageni waone samaki na ziwa kwa pamoja. Nimeona picha za namna hiyo nyingi. Zinapendeza kweli, na samaki wanapikika.

Weka tangi kwenye ukuta wa ndani, yaani ukuta unaotenganisha vyumba viwili, usio na jua upande wowote. Ukuta wa tofali za kuchoma ukiwa mnene husaidia sana, kwa sababu hupokea joto polepole na kuliachia polepole. Kisha angalia juu. Kama nyumba ni ya bati bila dari, bati hilo linakuchoma mchana na kukupoza usiku, na tangi lako litafuata. Kupiga dari chumba kimoja tu, hata cha mbao nyembamba, kulinipunguzia mimi zaidi ya nyuzi mbili za mchana. Hita na feni zote nilizowahi kununua hazijafanya kazi hiyo.

Pazia zito kwa dirisha la magharibi nalo ni kifaa. Mti wa mwembe nje ya dirisha ni kifaa bora zaidi, ila huo utausubiri.

Je, Kigoma tunahitaji hita?

Kwa miezi mingi, hapana. Pampu iliyozama ndani ya maji inatoa joto lake lote humo humo. Ya wati 30 ikifanya kazi mchana na usiku inatosha kuliweka tangi juu kidogo ya joto la chumba. Mimi huchomeka hita mwanzoni mwa Juni na kuichomoa Agosti ikiisha. Kipindi hicho usiku nje hushuka chini ya nyuzi 20.

Ukiitumia, iweke 24. Watu huiweka 26 au 27 kwa kuwa ndiyo joto wanalolitaka, halafu feni nayo wanaiweka iwashe ikifika 26. Vifaa viwili vinapigana na LUKU ndiyo inayolipa. Acha nafasi kati yao: hita ikome 24, feni ianze 27, katikati waachie samaki.

Wati ngapi? Hesabu si ngumu. Hita ya wati 200 kwenye lita 200 inapandisha maji kwa nyuzi 0.86 kwa saa, kama hakuna kinachopotea. Kwa hapa kwetu nusu yake inatosha kabisa. Na ukinunua, nunua mbili ndogo badala ya moja kubwa. Sababu iko kwenye swali linalofuata.

Hita yangu haizimi. Nini kimetokea?

Imegandana. Ndani mwake kuna vidole viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana. Vikiungua vinashikana na hita inaendelea kuwaka hata maji yakichemka.

Ilinitokea. Niliamka alfajiri nikaenda kuwasha taa, nikaona kioo kimejaa ukungu. Kipimajoto kilisoma 34. Tropheus kumi na mmoja walikuwa juu wanatafuta hewa, saba walikuwa wameshakwisha. Hita ile ilikuwa ya wati 300 kwenye tangi la lita 200, nimeinunua kwa sababu ilikuwa kubwa na bei nzuri. Ingekuwa ya wati 100, ingegandana vile vile, lakini ningekuta 28 au 29 na samaki wote hai. Ndiyo maana ya mbili ndogo: moja ikigandana haina nguvu ya kupika tangi, na moja ikifa kabisa nyingine inashikilia.

Sasa hivi hita zangu zinapitia kwanza kwenye kidhibiti cha nje chenye kihisi chake, cha aina wanayofunga mafundi wa mashine za kutotolea vifaranga. Kidhibiti kikilala hita inajizima yenyewe, hita ikigandana kidhibiti kinakata. Hayo yote hupitia kwenye frijigadi, kile kifaa cha kulinda friji, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huja na kishindo.

Na jambo dogo linalovunja hita nyingi: chomoa, subiri dakika ishirini, ndipo upunguze maji. Kioo cha moto kikikutana na hewa halafu maji baridi, kinapasuka.

Feni inapozaje maji wakati hewa yenyewe ni ya moto?

Haipozi kwa hewa, inapoza kwa kuyafanya maji yageuke mvuke. Ni ule ule ubaridi wa mtungi wa udongo uliotoa jasho. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inaondoka na joto ambalo lingetosha kulishusha tangi la lita 200 kwa karibu nyuzi tatu. Chumba kinarudisha joto upande wa pili, kwa hiyo hutaona tatu kamili kwa kila lita, lakini unaelewa nguvu iliyopo.

Feni mbili za kompyuta, za volti 12, zikielekezwa kwa mshazari juu ya maji, hunishushia nyuzi mbili hadi nne mwezi wa Septemba. Zinakula umeme kidogo kuliko taa. Zifunge kwa waya mgumu na ubaki na pengo la kutokea hewa. Feni iliyofungwa ndani ya mfuniko uliozibwa inazungusha mvuke ule ule.

Mvua zikianza, kuanzia Novemba na kuendelea, utaona feni zile zile zimelegea na kushusha nyuzi moja tu. Hazijaharibika. Hewa imeshashiba maji na haipokei mengine. Bahati nzuri mvua yenyewe hupoza nyumba. Kipindi kibaya kuliko vyote ni wiki zile za Oktoba ambapo mawingu yameshakuja, hewa ni nzito, na mvua bado haijaamua.

Utaona pia maji yanapungua, kwangu lita tatu hadi nne kwa siku. Jazia kila siku, usisubiri Jumapili. Na kwa kuwa mvuke huondoka peke yake na kuacha chumvi na madini, kujazia kwa maji ya bomba ya hapa, ambayo hutoka ziwani na ni mazito tayari, kunayafanya yazidi kuwa mazito. Najazia kwa maji ya mvua niliyoyakinga, si yale ya mvua ya kwanza inayoosha vumbi la bati.

Naweza kutumbukiza chupa ya barafu?

Unaweza, kama dharura. Chupa ya lita moja na nusu iliyoganda itashusha tangi la lita 200 kwa nyuzi 0.8 hivi hadi iishe kuyeyuka. Kwa hiyo haileti mshtuko, lakini haitoshi pia. Utahitaji kadhaa, moja baada ya nyingine, na mtu wa kukaa nyumbani. Kwenye tangi la lita 40 chupa hiyo hiyo ni hatari, itashusha nyuzi nne. Iache imefungwa, usimwage barafu yenyewe majini.

Nimeondoa mfuniko ili feni ipulize, samaki wanaruka. Nimefunika kwa chandarua na sasa wanakufa.

Chandarua hicho kina dawa. Vyandarua vingi tunavyogawiwa vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo kwa binadamu ni salama kiasi cha kulalia na kwa samaki ni sumu kali. Kitoe, badilisha sehemu kubwa ya maji kwa maji yenye joto lile lile, weka mkaa wa kuchujia kama unao. Funika kwa wavu wa dirisha, ule wa plastiki usio na dawa, uliooshwa kwa maji matupu.

Na kwa sababu hiyo hiyo, dawa ya mbu ya kupuliza isiingie chumba chenye tangi, hasa pampu ya hewa ikiwa inavuta hewa ya chumba hicho na kuisukuma moja kwa moja majini.

Umeme ukikatika mchana wa joto, nianze na nini?

Anza na hewa, si joto. Wengi hukosea hapa. Maji ya nyuzi 25 hubeba oksijeni nyingi kuliko ya nyuzi 30, na sisi tuko mita 770 na kitu juu ya bahari, kwa hiyo tunaanza na pungufu ya karibu sehemu moja kwa kumi ukilinganisha na mtu wa Dar es Salaam. Pampu ikisimama, oksijeni itaisha saa nyingi kabla joto halijaua mtu.

Nina pampu ndogo ya hewa inayotumia betri ya volti 12, aina ya betri wanazobeba wavuvi wa dagaa pale Kibirizi kwa taa zao. Ya ampia-saa 7 inanipeleka usiku mzima. Ukikosa kabisa, chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu, kila baada ya dakika kumi. Inachosha. Watoto hupenda kazi hiyo kwa robo saa ya kwanza.

Jambo la pili: usilishe. Maji ya ziwa letu yana pH, kipimo cha asidi na alkali, inayokaribia 9. Kwenye maji ya namna hiyo zaidi ya theluthi ya amonia yote, taka inayotoka kwa samaki na chakula kinachooza, huwa katika umbo lile lenye sumu, na joto likipanda hadi 30 inakaribia nusu. Kwa mtu mwenye maji ya pH 7 sehemu hiyo haifiki hata moja kwa mia. Ndiyo maana ushauri wa wafugaji wa maji laini, yale yenye madini machache, kwamba amonia kidogo haina neno, usiuchukue. Chujio limesimama, samaki wanahema, chakula kinaoza: sisi hatuna nafasi hiyo. Samaki mzima akikaa siku mbili tatu bila kula hadhuriki.

Joto ndilo la tatu. Funga mapazia, usikimbilie maji baridi.

Na umeme ukikatika usiku wa baridi?

Hewa kwanza, kama mchana. Pampu ya betri ikishafanya kazi, funika tangi kwa blanketi pande zote isipokuwa sehemu ya hewa, ulale. Asubuhi utakuta limeshuka nyuzi mbili au tatu.

Kama hali hiyo inajirudia, bandika lile povu jeupe gumu linalokuja na katoni za friji na televisheni nyuma, pembeni na chini ya tangi. Halina gharama, na linafanya kazi misimu yote miwili, kwa kuwa linazuia joto kutoka na linazuia lisiingie.

Kipimajoto kipi ni cha kuaminika?

Si kile cha kubandika kwenye kioo. Kinasoma kioo na chumba pamoja. Chochote unachonunua kipime mwenyewe. Ponda barafu, jaza kwenye glasi, tia maji kidogo, koroga, subiri dakika tano: lazima kisome sifuri. Kisha chukua maji ya vuguvugu na ulinganishe na kipimajoto cha homa pale kwenye nyuzi 37. Kikikosea kwa kiasi kile kile sehemu zote mbili, andika kosa hilo kwenye plasta ukibandike, kitakufaa bado.

Usikipime kwa maji yanayochemka ukitegemea 100. Kwa mwinuko wetu yanachemka karibu na 97, na pengine kipimajoto chenyewe kitapasuka.

Soma saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, uandike. Wiki mbili za daftari zitakueleza chumba chako kuliko mimi.

Nikibadilisha maji, joto linaharibika. Nifanye nini?

Maji ya simtanki jeusi lililopigwa na jua saa tisa mchana yanaweza kuwa ya moto kama ya kuogea. Yachote asubuhi mapema, yaache kwenye ndoo ndani ya chumba cha tangi hadi jioni. Hapo yameshazoea chumba na klorini imepungua pia.

Shikamoo mzee. Tuna tangi kubwa mapokezi ya hoteli, kuna kiyoyozi, lakini samaki wanaugua kila mwezi. Kiyoyozi si ndiyo dawa?

Marahaba. Nilikwenda hoteli moja yenye kisa kama hicho. Kiyoyozi kinawashwa saa mbili asubuhi mgeni wa kwanza akitokea, kinapuliza nyuzi 20 juu ya tangi, kinazimwa usiku ili kubana matumizi. Kwa hiyo samaki wana baridi mchana na joto usiku, kila siku ya Mungu. Kiyoyozi kinachowaka na kuzimwa ni kibaya kuliko kutokuwa nacho. Ama kiachwe kwenye 25 mfululizo, ama tangi lihamishiwe korido ambako hakifiki. Wao walihamisha.

Taa je?

LED, iinuliwe sentimita ishirini juu ya maji. Msimu wa joto washa jioni, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa nne usiku, ambapo na wewe upo nyumbani kuwaona.

Samaki wanakula sana joto likipanda. Niongeze chakula?

Hapana. Miili yao inakwenda mbio, ndiyo maana wana njaa. Ukifuata njaa yao, Tropheus watavimba tumbo.

Mimi niko Tabora. Ushauri ni huo huo?

Karibu wote, ila wewe huna ziwa la kukulainishia hali ya hewa. Tabora iko juu zaidi, karibu mita 1,200, na ni kavu. Usiku wa Juni na Julai unashuka hadi karibu nyuzi 15, na Oktoba mchana unapita 30 bila shida. Kwako hita si hiari, na povu la pembeni usilikose. Upande mwingine ukavu wenu ni baraka: feni inafanya kazi kwenu Septemba na Oktoba kuliko hapa. Oksijeni nayo ni pungufu kidogo kuliko yetu, basi usijaze samaki.

Maji ya huko ni laini kuliko ya ziwani. Hilo ni somo jingine, lakini usilisahau.

Nataka matumbawe ya baharini, hapa hapa Kigoma. Inawezekana?

Inawezekana. Swali ni kama unataka kweli kazi hiyo.

Samaki wa ziwani wanakusamehe nyuzi mbili. Tumbawe halisamehe namna hiyo. Ndani ya nyama yake linaishi pamoja na mwani mdogo mno, unaolilisha kwa mwanga wa jua. Maji yakikaa nyuzi moja au mbili juu ya kiwango lilichozoea cha mwezi wa joto, kwa wiki kadhaa, tumbawe linautema mwani huo na kubaki jeupe. Likikaa hivyo muda mrefu linakufa kwa njaa. Bahari yenyewe imeshatuonyesha: mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipopata joto, matumbawe ya Mafia na sehemu nyingine za pwani yetu yaliathirika vibaya. Kwenye tangi, lenga 25 hadi 26 na usiruhusu siku moja itofautiane kwa zaidi ya nyuzi moja.

Feni utaitumia, lakini sasa mvuke una bei. Maji ya bahari yana kama gramu 35 za chumvi kwa kilo. Ukipoteza lita nne kwa siku kutoka lita 200 bila kujazia, wiki moja tu inakupeleka 40, na matumbawe yatakuwa yamefunga midomo siku nyingi. Unajazia kwa maji matupu, yasiyo na chumvi na yasiyo na madini: ya mvua yaliyochujwa vizuri au yaliyosafishwa kwa mashine, si ya bomba letu. Na unajazia kidogo kidogo mchana na usiku. Boya dogo kama lile la simtanki, likiunganishwa na ndoo iliyo juu, linafanya kazi hiyo bila umeme. Liangalie kila siku. Likikwama wazi, ndoo nzima inaingia.

Kwa wiki za Oktoba feni haitatosha. Utahitaji chila, mashine inayofanana na friji ambayo maji hupita ndani yake. Ndogo inakula wati 100 hadi 300. Inachotoa kwenye maji inakimwaga chumbani kama hewa ya moto, kwa hiyo ukiiweka kwenye kabati chini ya tangi inajipasha moto yenyewe. Nimemwona mtu amefanya hivyo, na alikuwa analalamika kwamba haipumziki. Tuliitoa kibarazani tukapitisha mabomba ukutani, tukayafunga sponji, ikaanza kuzima na kuwaka kama kawaida.

Matumbawe magumu yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na kuchukua viumbe hai baharini au ziwani kwa biashara kunahitaji kibali. Anza na ofisi ya afisa uvuvi. Usimtume binamu yako wa Bagamoyo akuokotee.

Kama ni mimi, ningejaza tangi maji ya chumvi na mawe, bila tumbawe hata moja, nikalisoma asubuhi na jioni kuanzia Juni hadi mvua za Novemba. Daftari likionyesha mstari ulionyooka, hapo ndipo ningetafuta kibali.

Natuma samaki Tabora kwa treni. Nifungashe vipi wasipatwe na baridi ya usiku?

Kibali kwanza, kama nilivyosema. Samaki wasile siku moja kabla ya safari. Mfuko uwe na theluthi moja ya maji na theluthi mbili ya oksijeni, ufungwe mara mbili, ulazwe ndani ya boksi la povu jeupe na kuzibwa kwa gundi ya karatasi pande zote. Jaza nafasi zilizobaki kwa magazeti yaliyokunjwa. Usiweke chupa ya maji ya moto ndani. Saa mbili za kwanza inawachoma na usiku wa manane imeshapoa. Boksi likae sakafuni ndani ya behewa, mbali na dirisha na mbali na miguu ya watu.

Anayepokea azime taa ya tangi, auache mfuko uelee ukiwa umefungwa kwa nusu saa hadi joto lilingane, ndipo aufungue. Akishaufungua asikae na kuwatazama. Hewa ikiingia, amonia iliyokuwa imelala humo ndani inaamka, kwa hiyo awatoe kwa wavu mara moja na maji ya mfuko ayamwage nje.